Nimefungua gardienne Goma kwenye kartiye (mtaa) ya makabila yote: daftari la kuandikisha limenitesa kuliko ukuta

MamaTabliye (mwenye uzi)

Jambo kwenu wote. Kwenye ule uzi wa minervali (ada za shule) kuna watu waliniomba nieleze nilivyofungua shule ya watoto wadogo hapa Goma. Nilisema nitaandika siku umeme na bando vikikutana. Leo vimekutana. Ninyi wa Tanzania na Kenya mnaita chekechea au nasari, sisi huku tunasema gardienne, watu wa biro, yaani ofisi, wanasema maternelle. Ni kitu kimoja: mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, kamasi linachuruzika, kiatu cha kushoto kiko mguu wa kulia.

Niko upande wa komini ya Karisimbi, avenue naiacha. Kwenye parsele (viwanja) zinazonizunguka kuna Wanande waliotoka Butembo na Lubero kwa biashara, Wahunde wa Masisi, watu wa Rutshuru wanaoongea Kinyarwanda, Washi na Wahavu waliokuja kwa boti kutoka Bukavu na Idjwi, Warega, familia moja ya Walikale, na mjane wa askari anayewagombeza wanawe kwa Lingala. Msikiti uko karibu hadi adhana imekuwa saa yetu ya ukutani. Makanisa sijayahesabu. Sokoni wote tunaongea Kiswahili. Nyumbani kila mtu ana lugha yake, na tangu vita vituzunguke kila mtu ana kimya chake pia.

Nilianza na watoto saba kwenye baraza yangu, watoto wa mama wauza sambaza (dagaa wa ziwani) na mboga ambao walikuwa wakiwafungia ndani na mdogo wa miaka minane awachunge. Walipofika ishirini mume wangu akasema ama wao ama yeye. Nikakodi parsele.

Wageni wa Goma niwaambie: hapa huchimbi, unavunja. Lava ya Januari 2002, ya mlima wetu wa volkano Nyiragongo, ilipita katikati ya mji, na chini yake kuna lava za zamani zaidi. Kwa shimo la choo mafundi wawili walipiga nyundo siku tisa wakafika kiunoni, wakaniomba tuheshimiane. Ndiyo maana vyoo vingi hapa vimeinuliwa, unapanda ngazi. Sasa ngazi ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitatu ni Nyiragongo yenyewe. Nikajengesha vidato vifupi vya mbao na tundu dogo, upana wa kibakuli. Hilo la tundu nililijifunza kwa aibu: wiki ya kwanza nusu ya watoto walikuwa wakijisaidia nyuma ya choo, kwa sababu waliamini lile tundu kubwa litawameza. Uwanja nao ni changarawe nyeusi inayokata magoti, basi nikaomba unga wa mbao kwa maseremala, nikaumwaga, juu nikatandika bashi (turubai), juu ya bashi mikeka. Ikinyesha mvua tunakunja vyote. Inanyesha sana.

Lakini hayo ni mawe na mbao. Kilichonilaza macho ni daftari.

Nilinakili fomu ya shule ya msingi nilikofundisha zamani: jina la mtoto, la baba, la mama, territoire d'origine (wilaya ya asili), secteur (tarafa yake), kijiji. Sikufikiri. Fomu zote hapa ziko hivyo tangu tumezaliwa. Siku ya pili akaja mama mmoja na mwanawe mkononi, akaandika vizuri kwa mwandiko wa mtu aliyesoma. Alipofika kwenye territoire kalamu ikasimama. Akaangalia mstari wa juu, ulioandikwa na jirani yake. Akaangalia na wa juu yake. Akaiweka kalamu taratibu kama mtu anayeweka yai. "Mama, nimeacha sufuria motoni." Akaondoka na mtoto. Kesho yake hakuja, keshokutwa hakuja.

Mtu wa Goma ataelewa bila maelezo. Ukijua territoire na secteur umeshajua kabila, na ukijua kabila kuna watu wanadhani wameshajua uko upande gani.

Usiku ule nilichana zile kurasa, nikachora mistari mipya. Jina. Nyumbani anaitwaje. Maji anayaitaje. Choo anakiitaje. Akilia anabembelezwaje. Watu watatu wanaoruhusiwa kumchukua, na namba zao. Basi. Ninyi mnaotaka kufungua, mkikumbuka kitu kimoja kwenye uzi huu mrefu kiwe hicho cha daftari. Rangi za ukutani zitasubiri.

Karibuni maswali.

Kibao_wa_Mbeya

Shikamoo mama. Uzi umetulia. Swali langu: kwa nini mnahangaika na maneno ya kila nyumba wakati wote mnajua Kiswahili? Huku kwetu shule za serikali, elimu ya awali hadi la saba, ni Kiswahili na mambo yanaenda.

Mwalimu_wa_Zamu

Bwana Kibao, mtoto wa miaka mitatu aliyekuja mwezi jana kutoka kijiji cha Masisi au Lubero hana Kiswahili bado. Atakipata, tena haraka, lakini kwa hizo wiki za mwanzo anahitaji mtu ajue anaomba maji.

Nawaongezea la sheria, kwa kuwa nimekaa kwenye elimu miaka mingi. Katiba yetu ya 2006 inataja lugha nne za taifa, Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, na Kifaransa kama lugha rasmi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema Kifaransa ndiyo lugha ya kufundishia, papo hapo inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia. Kwa hiyo mwenye uzi hajavunja kitu. Tatizo liko kwa wazazi, wao wanataka Kifaransa tu.

Na jingine: ile elimu ya bure iliyotangazwa 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Gardienne haimo. Anayefungua ajue ataishi kwa mfuko wa mzazi. Kama huna uwezo wa kutafuta agrement (kibali cha serikali) ya shule kamili, uliza kuhusu espace communautaire d'éveil, mtindo ambao UNICEF imesaidia sana hapa nchini: wazazi wenyewe wanatoa sehemu na kamati, akina mama wa mtaa wanafundishwa kulea. Ni nafuu zaidi. Ila nenda mapema kwa shefu wa kartiye na sous-division (ofisi ya elimu), usisubiri inspekta akukute.

MamaTabliye

Aksanti mwalimu. Umegusa penyewe kwa Kifaransa. Papa mmoja, baba wa mtoto, aliniambia hivi: "Kiswahili anakipata bure barabarani. Mimi nalipia Kifaransa." Nilikosa jibu, kwa sababu hesabu yake ni sahihi. Mwezi wa kwanza nikakubali, tukakaririsha. Siku inspekta alipokuja akamwuliza mtoto, comment tu t'appelles, yaani unaitwa nani, mtoto akajibu je m'appelle Espoir, naitwa Espoir. Akauliza, quel âge as-tu, una miaka mingapi? Je m'appelle Espoir. Où est ta maman, mama yako yuko wapi? Je m'appelle Espoir. Inspekta alicheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka.

Sasa Kifaransa ni asubuhi, nyimbo na salamu na rangi, nusu saa, tena kwa vitu vilivyo mkononi. Kingine chote ni Kiswahili. Wazazi wawili waliwaondoa watoto. Ni haki yao.

JiweLaKivu

Mama, pole na kazi. Nataka kuongea na wanaotafuta parsele, maana naona watu wanapelekwa na bei.

Upande wa magharibi, Keshero, Lac Vert, Bulengo, hadi Mugunga, kuna mazuku. Wenyeji wanajua, wapangishaji hawasemi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kwenye nyufa za lava. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini kwenye mabonde na mashimo. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajaa. Jua likiwaka na upepo ukianza, inatawanyika, na mnunuzi anayekuja saa nne asubuhi haoni kitu. Wewe mtu mzima unapita pale, kichwa kiko juu yake, unajisikia mzima. Mtoto urefu wake ni wa mbuzi. Mbuzi aliyefungwa kamba bondeni ndiye wa kwanza kufa.

Nenda alfajiri kabla jua halijatoka. Angalia kama kuna mijusi, ndege wadogo au wadudu waliokufa mahali pamoja, majani yamekauka kwenye shimo huku ya pembeni ni mabichi. Waulize wazee wa avenue, na ukiweza ongea na watu wa Observatoire volcanologique, wanaochunguza volkano. Usimlaze mtoto kwenye mkeka katika parsele ya bondeni.

Kibao_wa_Mbeya

Mkuu, si mtu anashusha mshumaa tu, ukizimika anajua?

JiweLaKivu

Watu wanafanya hivyo, na ukizimika kimbia. Lakini usipozimika usitulie. Hiyo gesi inaweza kumdhuru mtoto kabla haijawa nyingi kiasi cha kuzima moto.

MamaTabliye

Haya ningeyapata mwaka jana. Parsele ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa huko, bei nusu, na kijibustani kibichi kimezama kidogo katikati. Nilishaanza kupanga bembea itakaa wapi. Aliyeniokoa ni mzee mvuvi aliyepita na nyavu begani, akauliza ninajenga nini. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie mwenye parsele alale hapo yeye kwanza." Akaendelea na safari.

Sina_Upande

Mimi nitakuwa mbaya wa uzi. Mama, kuondoa territoire ni kujificha. Watoto wana asili, na asili siyo dhambi. Kesho likitokea la kutokea, watu wakakimbia, mtoto akabaki mikononi mwako, utamrudisha wapi? Utasema "huyu ni wa maji anaita hivi"? Kumbuka Mei 2021.

MamaTabliye

Siyo ubaya, yaya (mkubwa wangu). Swali hili lilinikosesha usingizi kuliko matusi niliyotumiwa inbox.

Mei 2021 nilikuwepo. Mlima ulipasuka Jumamosi tarehe 22 jioni, na tarehe 27 tulipoambiwa tuhame, barabara ya Sake ilikuwa watu, magodoro, chukudu (mikokoteni yetu ya mbao ya magurudumu mawili) na mbuzi, mwendo wa konokono. Watoto wengi walipotezana na wazazi. Mimi mwenyewe nilitembea na mtoto wa jirani siku nzima nikidhani mama yake yuko mbele, kumbe alibaki nyuma.

Kwa hiyo nilikubali nusu ya hoja yako. Kinachomrudisha mtoto ni mtu anayemjua, na simu ya huyo mtu. Jina la secteur halipokei simu. Kila mtoto kwangu ana tabliye (aproni) ya buluu, na ndani ya pindo, upande wa tumboni, tumeshona kitambaa chenye namba mbili kwa uzi mwekundu. Kalamu inafutika na maji, uzi haufutiki. Namba moja ni ya mzazi, ya pili ni ya ndugu anayekaa mbali na sisi, Bukavu, Beni, Kisangani, popote, kwa sababu ukihama mtaa mzima simu zote za mtaa zinazimika siku moja. Jina la kabila halimo. Ndipo lilipotoka jina langu humu, kama mlikuwa mnajiuliza.

Mkubwa mmoja wa kamati aliniambia ni kama nawaandaa watoto kukimbia. Ndiyo, nawaandaa.

Bibi_Nguba

Mwenzangu, mimi ni wa Bukavu, nina wajukuu wawili nataka kuanzisha kitu kama hicho. Niambie la chakula na la pesa, hayo mengine nimeshaelewa.

MamaTabliye

Mama, heshima yako. Chakula ni uji wa sosoma, saa nne. Soya, mtama, mahindi, sukari kidogo siku ikiruhusu. Waislamu, Waadventista, Wakatoliki, wote wanakunywa, hapo sikupata shida.

Shida ilitoka kwingine, na wewe wa Kivu utanielewa. Karuho, ile sumu inayosemekana watu hutiliana kwenye chakula. Wiki ya pili nikaanza kuona termosi. Mtoto mmoja, kesho watatu, keshokutwa tisa, kila mmoja kaja na uji wake toka nyumbani na maelekezo: usinywe wa shule. Mpishi wangu alikuwa mwanamke safi, mpole, ila ni wa kabila fulani, na maneno yalishapita visimani. Hakuna aliyenijia kuniambia. Termosi ndizo ziliniambia.

Sikumfukuza. Nilitoa jiko ndani, nikaliweka pale mlangoni barabarani, makala (makaa) na sufuria mbele ya kila anayepita. Kila siku mama wawili wa zamu wanapika naye, na zamu inapangwa kwa kufuata daftari, nani kaandikishwa lini, kwa hiyo wanakutana watu ambao kwa hiari yao wasingekaa benchi moja. Wapishi wote wanaonja kwanza, mbele ya watoto, kwa gobele (vikombe) za watoto. Mimi naonja pia. Siku za kwanza lilikuwa jiko la kimya kama msibani. Termosi zilipungua pole pole. Moja bado inakuja mpaka leo, na sisemi kitu.

Walezi wako wanne. Mwanzo nilitaka kila kabila kubwa liwe na mlezi wake, nikajiona mwenye busara. Ilikuwa kosa. Wazazi wakaanza kuwapanga watoto wenyewe: wetu aende kwa fulani. Nikavunja, sasa madarasa ni kwa umri, na kila chumba kina walezi wawili wanaobadilishana kila mwezi.

Pesa: franka mia tano kwa siku, wanalipa kwa siku kwa sababu wanaishi kwa siku. Nilijaribu minervali ya mwezi kwa dola, nikapata noti zenye kijipasuko ambazo hakuna mtu Goma anazipokea. Na tangu benki zifunge milango mwanzoni mwa 2025, kila kitu ni mkononi au kwa simu. Nina watoto arobaini na sita, wanaolipa kweli siku ya kawaida ni thelathini na kitu. Unga na makala vinakula kwanza, walezi wanagawana kinachobaki, mimi naishi kwa vitenge vyangu. Mabati na mbao tulizipata kwa likelemba (upatu) ya akina mama kumi na wawili. Kama unataka kutajirika, bibi, uza sambaza.

Bibi_Nguba

Nimekuelewa, mwanangu. Jiko mlangoni nalichukua. Mungu akuzidishie.

Mpenda_Ukweli

Umesema nyumbani kila mtu na kimya chake. Hebu ongea wazi. Yule mama aliyeacha sufuria alikuwa wa kabila gani?

MamaTabliye

Sisemi.

Mpenda_Ukweli

Basi uzi wako haujakamilika.

MamaTabliye

Na ubaki hivyo. Nikisema, nusu yenu mtamhurumia na nusu mtasema alikuwa na sababu ya kujificha, na hakuna atakayeuliza tena habari za mtoto. Mtoto nitawasimulia.

Alirudi baada ya wiki mbili. Sijui nani alimwambia daftari limebadilika, sikumwuliza. Aliandika jina, akaandika namba tatu. Kwenye maji na choo aliandika Kiswahili, maji, choo, kwa mwandiko uleule mzuri. Nikapokea.

Kijana wake hakufungua mdomo siku sita. Hakuwa bubu, kwenye michezo alikuwa akisukuma kichukudu cha mbao tulichomchongea akitoa mlio wa gurudumu. Maneno tu ndiyo hakuwa nayo. Kila siku kabla ya uji alikuwa akilowa, anasimama palepale, miguu imebanana, anaangalia chini. Siku ya sita mlezi mmoja akaenda na mama yake hadi kwenye kona ya ukuta na kumwuliza kwa sauti ndogo, huyu mtoto nyumbani anasemaje akitaka haja ndogo? Mama alikawia. Akasema, "Nimemkataza kuongea ile lugha nje." Kisha akamnong'oneza mlezi lile neno sikioni, moja tu.

Kesho yake mlezi alipoona miguu imebanana alimwinamia, akamwambia lile neno kwa sauti ya kawaida kama anayesema habari ya asubuhi. Mtoto alimtazama, mdomo wazi. Akamshika kidole, wakaenda.

Mwalimu_wa_Zamu

Hapo umenigusa, mama. Anaendeleaje?

MamaTabliye (wiki tatu baadaye)

Samahanini, bando liliisha, halafu kulikuwa na kipindupindu upande wa chini, tukafunga siku nne, tukanunua klorini na bidoni (madumu) mpya zenye bomba.

Kijana anaongea sasa, Kiswahili kingi na makelele. Ila lile neno lake halikubaki lake. Ni neno fupi, linachekesha mdomoni, na watoto wamelipenda. Darasa zima la miaka mitatu likitaka haja ndogo linalitumia hilo, hata wanawe mjane wa askari. Wenyewe hawajui ni lugha gani, wanajua ni neno la kupanda vidato.

Jana asubuhi papa mmoja alinijia mlangoni kabla jiko halijawashwa, kamshika binti yake mkono. Akaniuliza ni nani hapa anamfundisha mwanawe lugha ya watu wale. Nikamwambia, papa, ni neno la mkojo, amelitoa kwa mwenzake. Akauliza mwenzake yupi. Nikasema watoto ni arobaini na sita.

Hakucheka. Alisimama pale muda wa kutosha makala kushika moto, akawaangalia mama wa zamu wakipima unga. Binti akabana miguu, akalisema lile neno kwa sauti, akachomoa mkono wake akakimbilia kwenye vidato.

Papa akatoa mia tano mfukoni, akaiweka kwenye kopo, akaenda kazini.